Nyamvula Alipoulizwa Kama Ameolewa

Kwa miaka tisa Nyamvula Ziro alishona suruali za jinzi ambazo hakuwahi kumwona mtu akizivaa. Kiwanda chake kilikuwa upande wa Changamwe, Mombasa, na kila suruali iliyotoka hapo ilikuwa ya kwenda Marekani. Alianza kwa kushona mifuko ya nyuma, akapandishwa kwenye mikanda, na mwaka wa sita akafanywa msimamizi wa laini: wanawake thelathini na wawili, mashine thelathini na mbili, na filimbi shingoni ambayo hakuipuliza hata siku moja, kwa sababu sauti yake ilitosha. Wafanyakazi walimwita Madamu akiwa karibu na Ngurumo akiwa mbali. Majina yote mawili aliyajua.

Watu wengi wa Mikindani, mtaa wa kwao, wanakijua kisa chake nusunusu. Wanasema Nyamvula alinyimwa viza kwa sababu ya mnazi, kisha wanacheka. Mimi nakiandika chote kwa sababu sioni cha kuchekwa.

Curtis Boone aliletwa na kampuni iliyouzia kiwanda mashine mpya za kukata vitambaa. Alikuwa fundi, Mmarekani mweusi wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa jimbo la North Carolina, na kazi yake ilikuwa kufundisha wafanyakazi kwa miezi mitatu kisha arudi kwao. Hakuja kutafuta mke. Nyamvula naye hakuwa akitafuta mzungu, na kwa vyovyote Curtis hakuwa mzungu, jambo ambalo baadaye lilibidi lielezwe mtaani mara nyingi kuliko inavyostahili.

Walianza kwa kugombana. Mashine moja ilikuwa ikila kitambaa, na Curtis akasema kosa ni la wafanyakazi. Nyamvula akaizima mashine, akafungua kifuniko, akamwonyesha kwamba wembe ulikuwa umefungwa kinyume, na aliyeufunga ni Curtis mwenyewe. Curtis akautazama wembe. Kisha akageuka na kuwaomba radhi wanawake wote wa laini ile, kwa Kiswahili kibovu alichokuwa amejifunza wiki tatu.

"Mwanamume anayekubali kosa lake mbele ya wanawake thelathini na wawili," Nyamvula alimwambia Mishi wakati wa chakula cha mchana, "huyo nitamtazama mara ya pili."

Mishi alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa Jomvu Kuu, mwenye ulimi usiojua kupumzika. "Mtazame, shoga, lakini usimkodolee," alisema. "Wallahi hawa wa kuja na kuondoka, unakaa na namba yake ya simu kama unakaa na jino bovu."

Curtis aliondoka, lakini simu zake hazikukoma. Katika miaka miwili alirudi mara mbili, kwa likizo yake mwenyewe. Alimjua Jael, mama yake Nyamvula, akajifunza kumwamkia shikamoo bila kukumbushwa. Walipokubaliana kuoana, swali lililobaki lilikuwa wakae wapi. Mama yake Curtis alikuwa amepooza upande mmoja, na Curtis ndiye aliyemhudumia. Kwa hiyo Nyamvula ndiye angehama. Ilibidi basi ichaguliwe njia ya kumwingiza Marekani, na hapo ndipo alipoingia Lenox.

Lenox alikuwa na ofisi ya kujaza fomu Changamwe, ghorofani, juu ya duka la dawa. Ukutani alikuwa amebandika picha za watu wakitabasamu kwenye theluji. Nyamvula alikwenda huko na Mishi. Lenox akachukua karatasi, akachora mistari miwili.

"Hii ni njia ya mchumba," alisema. "Jamaa anaomba kule kwao, wewe unaitwa mahojiano Nairobi, unaingia Marekani, mnaoana ndani ya siku tisini. Hii nyingine ni njia ya mke. Mnaoana hapa kwanza, ndipo anaomba. Ya mke ni ndefu. Ya mchumba ni chapuchapu."

"Zinapishana miezi mingapi?" Nyamvula aliuliza.

"Inategemea. Lakini dada yangu, nimeona hapa una miaka thelathini na minne. Sasa unataka kungoja nini?"

Mishi akaingilia. "Na wakioana hapa kwanza, ubaya uko wapi? Mama mtu amwone mwanawe akiolewa."

"Dada, mambo haya yana wataalamu wake."

"Wewe umesomea?"

"Nimesaidia watu wengi sana."

"Sikuuliza umesaidia wangapi. Hata mimi nimesaidia watu kuzaa, na si daktari."

Nyamvula alimkanya rafiki yake kwa jicho. Lile neno la umri lilikuwa limemchoma, na mtu akichomwa hukimbilia upande wa haraka. Alichagua njia ya mchumba. Lenox akamwonya kwa kidole: "Sharti ni moja tu. Msifunge ndoa. Si kanisani, si kwa msajili. Mkifunga, njia hii imekufa."

"Hatutafunga," Nyamvula alisema, na alisema kwa moyo safi.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo wageni hawalijui, na ambalo Lenox, mtu wa bara, hakujishughulisha kuliuliza. Katika familia nyingi za Kiduruma, hata hizi za Kikristo zinazokaa kwenye mwendo wa barabara ya Nairobi, mwanamke huolewa kwa mnazi. Upande wa mume huleta mahari na madumu ya mnazi, ile pombe inayogemwa minazini, kila dumu na jina na kazi yake, na lililo kubwa kuliko yote huitwa kadzama. Binti huitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama mnazi ule unyweke. Akikubali, anaonja, anampa mumewe, na kuanzia saa hiyo ni mke. Kanisa huja baadaye, watu wakijaliwa. Jael alinyweshwa mnazi na marehemu mumewe, akakaa kwake, akamzaa Nyamvula, na kanisani walikwenda baada ya miaka kumi na minne. Nyamvula mwenyewe, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyebeba maua siku wazazi wake walipofunga ndoa. Kwa hiyo kichwani mwake mambo hayo yalikaa mbalimbali kabisa. Ndoa ilikuwa shela, mchungaji na cheti. Mnazi ulikuwa ni nyumbani. Lenox alikataza cha kwanza. Cha pili hakukitaja, na yeye hakuona sababu ya kukitaja.

Munga, mdogo wa marehemu baba yake, alikitaja. Kwa kuwa baba hakuwepo, Munga ndiye aliyekuwa baba, na aliuchukua wadhifa huo kwa mikono miwili.

"Hakuna binti wa nyumba hii atakayepanda ndege mnazi haujanywewa," alisema.

"Munga, sisi ni watu wa kanisa," Jael alimwambia. "Tutatumia soda."

"Soda! Shemeji, umewahi kumwona mtu aliyeolewa kwa Fanta?"

Basi tarehe kumi na sita Desemba, Curtis akiwa amekuja kwa likizo ya tatu, mnazi ukaletwa Mikindani, nyumbani kwa Jael. Curtis alikaa juu ya mkeka, amevaa kikoi alichofungwa na shemeji zake. Nyamvula akatolewa ndani. Munga akamwuliza mara tatu kama mnazi unyweke, na mara tatu akasema unyweke. Akaonja, akampa Curtis. Curtis akanywa chote, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na vigelegele vikafika barabarani.

Lenox aliposikia kumekuwa na shughuli ya kifamilia alifurahi sana. "Niletee picha," alisema. "Ubalozi unapenda picha. Wanataka kuona uhusiano ni wa kweli." Nyamvula akampelekea picha arobaini na mbili. Munga naye, bila kutumwa na mtu, akaandika barua kwa mkono wake, akaipeleka kwa chifu ikagongwa muhuri, akamkabidhi Lenox. Barua ilisema kwamba yeye, Munga, anathibitisha kuwa Nyamvula Ziro ni mke halali wa Curtis Boone tangu tarehe kumi na sita Desemba. Alitaka kusaidia. Lenox aliuona muhuri, akaitia barua ndani ya faili, asiisome.

Miezi kumi na mitatu ilipita. Barua ya mahojiano ilipokuja, Lenox alisema hii sasa imeisha, ni kwenda tu kuchukua viza. Alimshauri hata aache kazi mapema, asije akanaswa na notisi ya mwezi mmoja. Nyamvula akaandika barua ya kuacha kazi. Laini yake akapewa Cheryl, msichana ambaye Nyamvula mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kitambaa.

Ofisa aliyemhoji Nairobi alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Aliuliza mambo mengi mepesi, Nyamvula akayajibu. Kisha akaitoa picha moja.

"Hapa unakunywa nini?"

"Mnazi. Ni siku Curtis alipokuja kwetu."

Ofisa akatoa karatasi yenye muhuri. "Na barua hii ya Bwana Munga, umeisoma?"

Nyamvula aliitazama barua kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliutambua mwandiko.

"Inasema wewe ni mke wa Curtis," ofisa akaendelea. "Nataka nikuelewe vizuri. Kwa watu wenu, ukishakunywa hivi mbele ya wazee, umeolewa au hujaolewa?"

Angeweza kusema hapana. Amenieleza kwamba neno lenyewe lilifika mdomoni. Lakini akamkumbuka mama yake, miaka kumi na minne ndani ya nyumba ya mume bila cheti, na akaona kwamba akisema hapana, hilo hapana halitaishia kwake peke yake.

"Nimeolewa," alisema.

Ofisa akaweka kalamu chini. Hakukasirika wala hakucheka. Alimweleza kwamba viza aliyoiomba ni ya mchumba, na mchumba ni mtu ambaye hajaolewa. Akampa karatasi ya kukataliwa.

Kesho yake Nyamvula alishuka treni Miritini saa nane mchana, na hakwenda nyumbani. Alipanda ngazi za Lenox akiwa na begi lake mkononi.

"Uliisoma ile barua ya baba?"

"Barua gani? Dada, kwanza keti, pumzi imekuisha."

"Sikuja kuketi. Uliisoma?"

Lenox alifungua nakala ya faili, akaisoma barua, na Nyamvula akaona uso wake unavyobadilika. Lakini badala ya kuomba radhi, Lenox alipandisha sauti. "Na wewe nani alikutuma ujibu hivyo? Ungesema ni sherehe tu!"

"Ulinambia nikaseme ukweli."

"Ukweli ndiyo, lakini si wote!"

"Kumbe ulikuwa ni wa kupimiwa? Ungenipa na kijiko basi! Nimeacha kazi, Lenox. Kwa mdomo wako nimeacha kazi ya miaka tisa. Ulichukua picha za mimi nikiolewa, ukazifunga na fomu inayosema sijaolewa, ukazituma kwa watu wanaolipwa kusoma. Wewe hulipwi kusoma? Unalipwa kufanya nini, kubandika theluji ukutani?"

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi waliacha kutazama simu zao. Lenox akashusha sauti. Alikuwa na dawa, alisema. Akaandika hapo hapo, akachapisha, akampa. Ilikuwa hati ya kiapo, ya kutiwa sahihi na Nyamvula na Munga mbele ya wakili. Ilisema kwamba shughuli ya tarehe kumi na sita Desemba ilikuwa maonyesho ya kitamaduni yaliyofanywa kwa ajili ya kumburudisha mgeni, na kwamba Nyamvula hajawahi kuolewa na mtu yeyote.

"Tunaomba upya kwa njia ile ile ya mchumba," Lenox alisema. "Hii inasafisha kila kitu. Ama sivyo uanze ya mke tangu mwanzo. Mwaka na nusu, miwili. Wewe chagua."

Ningependa kuandika kwamba Nyamvula aliichana karatasi ile hapo hapo. Hakuichana. Aliitia kwenye begi. Hakuwa na kazi, alikuwa na miaka thelathini na sita kasoro wiki chache, na mtu aliyempenda alikuwa ng'ambo akimgeuza mama yake kitandani peke yake. Kwa siku mbili hakupokea simu ya Curtis. Siku ya tatu, Jumamosi, aliitandaza hati mezani, akatafuta kalamu, na alipokosa kalamu inayoandika alikasirika akalia. Hasira yake haikuwa na pa kutua: ilimwendea Lenox, ikaenda kwa Munga, ikarudi kwake mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada Munga alikuja Mikindani. Mishi alikuwepo pia, amekuja kumfariji rafiki yake.

"Shikamoo, baba," Nyamvula alisema.

"Marahaba, mwanangu. Usihuzunike tena. Yule kijana wa ofisini alinijia, amenieleza yote. Mimi nimeshatia sahihi." Akaitoa nakala yake ya hati, akaiweka mezani kama mtu aliyeleta zawadi. "Imebaki yako tu."

Nyamvula akaitazama sahihi. Ilikuwa ile ile iliyokuwa kwenye barua.

"Umeisoma, baba?"

"Nimesomewa."

"Inasema ulikuwa ukimburudisha mgeni."

"Ni karatasi tu ya ubalozi. Sisi wenyewe tunajua."

"Na ile ya kwanza, uliyokwenda nayo kwa chifu bila kuniuliza, ilikuwa karatasi ya nani?"

"Nyamvula, angalia unasema na nani."

"Nasema na baba yangu. Ndiyo maana nauliza. Wewe ndiye uliyekataa soda. Ulisimama katika uwanja huu ukaniuliza mara tatu, na mara tatu nikakujibu, watu wakisikia. Leo unaapa kwa Mungu kwamba ulikuwa unacheza. Basi niambie, siku ile ulinioza au ulinipiga picha?"

Munga akamgeukia Jael. "Shemeji, mwambie mtoto."

Jael alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. "Nimwambie nini? Mimi nataka kuuliza pia. Nilinywa mnazi mbele ya marehemu kaka yako, na kanisani nikaenda baada ya miaka kumi na minne. Wewe ulikula kwangu miaka hiyo yote ukiniita shemeji. Kumbe nilikuwa nani? Mburudishaji?"

"Shemeji, usiyachanganye."

"Aliyeyachanganya ni yule aliyeandika barua mbili."

Mishi akaziba mdomo kwa mtandio. Munga akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba alitaka tu mtoto aende zake kwa amani. Namwamini. Lakini nia njema ilikuwa imeshaharibu kazi mara ya kwanza, na sasa ilikuwa imerudi na kalamu.

"Mimi sitii sahihi," Nyamvula alisema. Akachukua simu, akampigia Curtis, akaiweka mezani ili wote wasikie. Kule kwao palikuwa asubuhi.

"Ahsante Mungu," Curtis alisema. "Siku tatu! Nilidhani umekufa."

"Sijafa. Nijibu kitu. Siku ile ya Desemba hapa nyumbani, ulifanya nini?"

"Nilikuja kwa familia yako. Nilileta mahari. Nilikunywa kile kinywaji."

"Ulipomaliza kukinywa ulikuwa nani?"

Curtis akasema taratibu, "Mchumba wako. Lenox aliniambia kwenye simu kwamba ni sherehe ya uchumba."

Nyamvula alicheka, kicheko kibaya ambacho mama yake hakukipenda. "Mnasikia? Mwaka mzima na zaidi mimi ni mke wa mtu asiye na habari. Curtis, watu wote wale walikupigia vigelegele. Ulidhani wanashangilia nini?"

"Nilidhani wanashangilia kwamba nimekimaliza," Curtis alisema. "Kilikuwa kikali sana."

Mishi alishindwa, akatoka nje kwenda kucheka. Nyamvula hakucheka.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Kuna karatasi hapa. Nikiitia sahihi, nakuja kwako haraka, na nimeapa kwamba hukunioa. Siitii. Mimi nilitoka katika uwanja huu nimeolewa, na nilimwambia hivyo yule ofisa, na sitarudi kumwambia vingine. Ikiwa wewe ni mume wangu, tutaanza upya kwa njia ya mke, hata ikichukua miaka miwili. Ikiwa ulikuwa unakunywa tu, sema sasa, kila mtu ashike njia yake."

"Wewe unataka nijibu nini?"

"Usiniulize ninachotaka! Kila mtu ananijazia fomu kwa kukisia ninachotaka. Nimekuuliza wewe ni nani."

Ilisikika sauti ya mama yake Curtis ikiuliza kitu kwa mbali, na Curtis akimjibu angoje kidogo. Kisha akasema, "Basi nimeoa. Nimechelewa kujua, lakini nimeoa. Nitakuja Agosti, tukaandikishe hiyo hiyo ya Desemba."

Munga alinyosha mkono kuchukua nakala yake. Nyamvula akaiwahi, akaikunja, akaisukumiza chini ya ungo wa mama yake.

Haikuwa ushindi, na nisingependa msomaji adhani ilikuwa. Wiki iliyofuata Nyamvula alirudi kiwandani kuomba kazi. Nafasi ya usimamizi haikuwepo tena. Alipewa mashine ya mifuko ya nyuma, pale pale alipoanzia miaka tisa iliyopita, na aliyempangia kazi kila asubuhi alikuwa Cheryl, aliyeona haya kumtazama. Wengine hawakuona haya. Siku ya kwanza mmoja alimwuliza kama huko Marekani alipofika kulikuwa na baridi. Nyamvula alishona mifuko mia tatu siku ile bila kumsemesha mtu, na jioni Mishi alimsindikiza hadi mlangoni kwao akimtukania Lenox ukoo mzima, ili rafiki yake asichoke kwa kutukana peke yake.

Curtis alikuja Agosti kwa wiki mbili. Walikwenda kwa msajili wa ndoa mjini wakiwa wanne: Nyamvula, Curtis, Jael na Munga, aliyevaa koti. Karani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma maombi yao, akatikisa kichwa.

"Mmechelewa mno kuleta taarifa. Itabidi mwandike maelezo. Kwa nini msitoe notisi mkafunga ya serikali tu? Ni rahisi, na cheti kinakuwa na tarehe mpya. Hizi za kimila zina maneno mengi."

"Tarehe ni kumi na sita Desemba," Nyamvula alisema.

"Binti, nakusaidia."

"Nimesaidiwa vya kutosha, mzee wangu. Ubalozini nilisema nimeolewa siku hiyo. Nikiwapelekea cheti chenye siku nyingine, patakuwa na mwongo hapa, na sitakuwa mimi."

Karani akamtazama kidogo, kisha akamgeukia Munga. "Ni wewe uliyesimamia? Binti aliulizwa?"

Munga alianza kueleza kuhusu marehemu kaka yake, na jinsi yeye alivyokuwa na nia njema tangu mwanzo.

"Baba," Nyamvula alisema, "jibu ulichoulizwa."

Munga akavua kofia. "Aliulizwa mara tatu. Akasema unyweke, mara tatu."

Karani akaandika. Kisha akamwelekezea Curtis kalamu. "Na bwana huyu? Alikubali kwa hiari, akijua anachokifanya?"

Wote wakamtazama Curtis. Nyamvula hakumtafsiria. Alikaa akimsubiri, mikono kifuani, kama alivyowahi kumsubiri mbele ya mashine iliyofunguliwa.

"Siku ile nilijua nampenda, na nilikubali," Curtis alisema kwa Kiswahili, neno moja moja. "Mengine nimeyajua sasa."

Karani alicheka mpaka akavua miwani, akasema wanaume wengi waliopita mbele ya meza ile hawajajua mpaka leo. Jael akacheka, hata Munga akatabasamu. Nyamvula alingoja kicheko kiishe. Akauliza atapata nakala ngapi zilizothibitishwa, akaambiwa moja, akaomba tatu. Na siku cheti kilipotoka alikisoma neno kwa neno akiwa amesimama pale dirishani, majina, mahali na tarehe, huku watu wa foleni wakinung'unika nyuma yake. Alipofika mwisho akaanza tena mwanzo.

"Dada, tuna haraka," mtu mmoja alisema.

"Hata mimi nilikuwa nayo," alijibu bila kugeuka, akaendelea kusoma.